Maksi za Shikamoo

Mwezi uliopita nilijibu barua ya mzazi aliyelalamika kwamba mwanawe aliyeko chuoni analala darasani. Nikadhani safari hii nitapokea barua za vijana wakijitetea. Nilizopata, karibu zote, zimetoka kwa wanaowafundisha: mkufunzi wa chuo cha ualimu, mhadhiri msaidizi, mkuu wa idara. Wala hakuna aliyeniuliza habari ya mbinu za kufundishia. Wananiuliza habari ya watu: mke aliye mbali, wadogo wanaosubiri ada, mwanachuo mwenye mvi. Mimi nimefundisha chuo cha ualimu tangu 1993 mpaka nilipostaafu kwa hiari mwaka 2022. Somo langu lilikuwa Hisabati na mbinu zake, na nakiri kwamba siku zangu mbaya kabisa darasani hazikuletwa na Hisabati.

Mama Mkufunzi, shikamoo. Nina miaka 27, mkufunzi mpya katika chuo cha ualimu mkoani Kigoma. Darasa langu la stashahada lina walimu waliotoka kazini, wengine umri wa mama yangu. Nikiingia wanasimama, naona haya. Nikikutana nao bwaloni nawaamkia, na mkufunzi mwenzangu ananiambia najishushia heshima. Wao wananiita "mtoto wetu". Nikikosoa andalio la somo la mmoja wao darasa zima linanyamaza, na sasa nimeanza kuogopa kukosoa. Nifanyeje?
*Mkufunzi, Kigoma*

Marahaba, mwanangu. Waamkie. Waamkie bwaloni, waamkie sokoni, waamkie kwenye foleni ya maji. Huyo mwenzako hebu mwulize kwao alifundishwa nini. Asiyeamkia ndiye anayesemwa, na mtu akishasemwa, hata akieleza vizuri namna gani hasikilizwi. Ukiwa darasani, "habari za asubuhi, walimu" inatosha, kazi inaanza. Waite walimu, maana ndivyo walivyo.

Salamu ni rahisi. Kazi iko kwenye kalamu nyekundu, na hapo nina kisa changu ambacho sikupenda kukisimulia nilipokuwa kazini.

Mwaka 1994, mwaka wangu wa pili, tuliletewa walimu wa Daraja C, ngazi ya chini ya ualimu wa shule ya msingi, waliokuja kujiendeleza wapate Daraja A iliyo juu yake. Siku ya kwanza nikaita majina. Jina la kumi na kitu likanikaba kooni. Nikainua uso. Nyuma kule, karibu na dirisha, amekaa mwalimu aliyenifundisha darasa la tatu kijijini kwetu, wilaya ya Kilosa, mwaka 1977.

Wasomaji vijana hawaijui 1977. Azimio la Musoma la mwaka 1974, uamuzi wa chama cha TANU, lilitaka kila mtoto awe shule ya msingi ifikapo 1977. Mpango huo ukaitwa UPE, kifupi cha Kiingereza cha elimu ya msingi kwa wote. Watoto walikuwepo, walimu hawakuwepo. Wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakapelekwa kwenye shule za vijijini, wafundishe huku nao wakifundishwa kazi. Wenye midomo yao wakasema UPE maana yake ni Ualimu Pasipo Elimu. Mwalimu wangu alikuwa mmoja wa vijana hao. Hajafika miaka ishirini, suruali imempwaya, chaki inalia ubaoni mpaka tunaziba masikio. Lakini jedwali la kuzidisha alitufundisha kwa kuruka kamba, na mpaka leo nane mara saba hunijia na mdundo wa ile kamba ikigonga vumbi.

Sasa amekaa mbele yangu na daftari, ananiita "mkufunzi".

Wiki ya tatu nikakusanya maandalio ya somo. La kwake lilikuwa baya. Lengo halipimiki, hatua zimerukwa, zana hakuna. Angekuwa mwanachuo mwingine ningempa tisa kwa ishirini na kumwandikia sababu ukurasa mzima. Yeye nikamwandikia kumi na nne, nikaweka vitiki vidogo vya penseli, kama mtu anayenyata kwenye chumba cha mgonjwa. Nikafanya hivyo mara ya pili, na ya tatu. Nikajiona binti mwenye adabu zake.

Jioni moja akaja kwenye nyumba niliyopewa na chuo. Akakaa barazani, chai akaikataa. Akatoa maandalio yote matatu, akayapanga juu ya mkeka moja baada ya jingine. Akasema, "Mwanangu, hizi ni maksi za shikamoo. Mimi nimeacha mke na watoto sita nimekuja hapa nijue ninapokosea. Wewe unajua, na umenificha."

Sikuwa na la kujibu. Nilikwenda ndani nikachukua kalamu nyekundu, tukakaa na taa ya chemli mpaka saa tano usiku. Tulipomaliza lile andalio la kwanza lilikuwa limepata saba, maana kuna kosa jingine hata mimi nilikuwa sijaliona. Kesho yake darasani yeye mwenyewe akasimama: "Leo anzeni na langu." Nikalichambua ubaoni mstari kwa mstari, mtu mzima yule amesimama pembeni na mikono nyuma, anaitikia. Wiki iliyofuata watu walikuwa wanagombania zamu ya kuchambuliwa.

Kwa hiyo fanya hivi. Mtafute mkubwa wao, yule ambaye akikohoa wenzake wananyamaza. Mwendee faraghani, mwamkie kama kawaida, umwombe kazi yake iwe ya kwanza kukosolewa mbele ya darasa. Usimshtukize. Ukimshtukiza umemvunjia heshima, na hapo darasa lina haki ya kukununia. Ukimwomba, yeye ndiye atakayekuwa amekupa ruhusa, na wengine watamfuata.

Pia mpe nafasi ya kukufundisha. Wewe umetoka chuo kikuu, hujawahi kukaa na watoto tisini chumba kimoja, madawati ishirini, mvua inapiga bati hakuna anayemsikia mwenzake. Wao wamekaa humo miaka kumi na tano. Unapofundisha mbinu za kazi za vikundi, simama umwulize mmoja: wewe shuleni kwako vikundi unavipangaje? Mimi yule mwalimu wangu nilimwomba aoneshe kamba yake darasani. Wanachuo walicheka kwanza, halafu wakatoka nje wote na kamba.

Hilo la "mtoto wetu" usilipige vita. Mimi waliniita "binti" mpaka nikapata mjukuu.

Shikamoo mama. Ni mhadhiri msaidizi, nafundisha kozi moja yenye wanafunzi zaidi ya 400 katika ukumbi mmoja. Baba alifariki 2021, nikabaki na wadogo watatu: mmoja kidato cha tano, wawili vyuoni, na mikopo waliyopata haitoshi. Jumamosi na Jumapili nafundisha chuo kingine cha binafsi. Nina mkopo wa benki na nina mwingine wa mtaani ambao hata kuutaja sitaki. Muhula uliopita wanafunzi walinitathmini vibaya: "anasoma slaidi tu", "anatoa desa la mwaka juzi", "hapendi maswali". Mwaka wangu wa kwanza walinipigia makofi. Nimeharibika, au ni maisha?
*Mhadhiri msaidizi, Dodoma*

Marahaba, baba. Pole kwa msiba, najua umepita muda lakini naona bado umeubeba.

Katika malalamiko hayo matatu, desa la mwaka juzi, yaani notisi zile zile za zamani, halinisumbui. Nimewajua walimu wazuri sana wenye daftari lililochakaa miaka kumi. Slaidi nazo nakusamehe, watu 400 si mchezo. Hilo la tatu ndilo lililonifanya niweke barua yako juu ya nyingine. Mtu aliyechoka huja kazini, anatia saini, mada anamaliza, hakuna mkaguzi atakayemkamata. Anachokikimbia ni swali, kwa sababu swali ndilo kitu pekee ambacho hakukiandaa jana usiku.

Haya niliyajulia kwenye kuku. Mwishoni mwa miaka ya tisini mshahara ulikuwa haufiki tarehe ishirini, nikafuga kuku wa mayai mia mbili nyuma ya nyumba. Sikuwa peke yangu. Ofisi ya wakufunzi ilikuwa gulio: wa Jiografia analeta maandazi, wa Stadi za Kazi anauza barafu, mimi trei za mayai chini ya meza. Naamka saa kumi usiku, nalisha, naokota, naosha, saa moja kasoro niwe nimeshapeleka mjini kwa baiskeli na kurudi. Siku moja, kipindi cha saa tano, msichana wa mstari wa mbele akanyosha mkono. "Mkufunzi, tukigawanya kwa sehemu, kwa nini ile ya pili tunaipindua halafu tunazidisha?"

Nikamjibu, "Ndiyo kanuni." Nikageukia ubao.

Jibu lake halimalizi dakika tano. Una mikate mitatu, kila mtu unampa nusu, watapata watu wangapi? Sita. Basi tatu ukiigawanya kwa nusu unapata sita, sawasawa na tatu mara mbili, kwa kuwa kila mkate umetoa nusu mbili. Ile mbili mtoto ameiona kwa macho ilikotoka. Ukitaka kumchokoza zaidi mpe robo tatu ya mkate aigawe kwa nusu: atatoa nusu moja, itabaki robo, na robo ni nusu ya nusu, kwa hiyo jibu ni moja na nusu. Nilikuwa najua yote hayo. Nilikuwa natafuta tu kipindi kiishe nikalale. Msichana yule akahitimu, akapangiwa shule, na kila mwaka kuna darasa zima linaloambiwa kwamba ndiyo kanuni. Sijui amewaambia watoto wangapi. Sababu ni trei za mayai.

Sasa tuje kwako. Kwanza huo mkopo wa mtaani. Wenyewe wanauita kausha damu, na jina limetosha. Kama kazini kwenu kuna SACCOS, chama cha kuweka na kukopa, nenda ukaseme ukweli, uombe wa kuulipa huo ubaki na deni moja lenye riba inayoeleweka. Kabla hujakata chochote kingine, kata huo.

Pili, ita kikao cha familia. Kwetu mtu akishaitwa mhadhiri, ukoo mzima unaamini ana pesa: michango ya harusi anaanza yeye, msibani jina lake linasomwa la kwanza. Waoneshe hati ya mshahara, na makato yote yaonekane. Mimi nilimwonesha shangazi yangu. Akaisoma, akaigeuza nyuma kuangalia kama kuna nyingine. Tangu siku hiyo alikuwa ananiletea mchele. Na hao wadogo wawili walioko vyuoni ni watu wazima. Waambie kiasi unachoweza, kwa namba, siyo kwa "tutaona".

Tatu, acha Jumapili. Jumamosi ibakize kama huna budi. Najua unapiga hesabu ya hiyo pesa sasa hivi unaposoma, lakini hesabu hiyo haina mstari wa Jumatatu asubuhi, unaposimama mbele ya watu 400 na macho mekundu.

Darasani nina dogo la kukupa. Dakika tano za mwisho, waambie wa mstari wa tatu na wa saba waandike kwenye kikaratasi kitu kimoja ambacho hawakuelewa, bila jina. Utapata vikaratasi thelathini au arobaini, vinasomeka ndani ya daladala. Chagua viwili, na kipindi kinachofuata anza navyo. Kwa mtu mwenye maisha kama yako faida yake ni hii: swali linakufikia jana yake, na unapolijibu umeshalala usingizi na kulifikiria. Polepole utaacha kuliogopa hata likija bila taarifa. Mstari wa tatu na wa saba ubadilishe kila wiki, wasije wakahama viti.

Dada Mkufunzi, habari za siku. Naongoza idara chuoni, Mbeya. Nina mhadhiri aliyekuwa hodari kweli, wanafunzi wakimfuata mpaka kwenye vimbweta vya kujisomea nje. Mkewe ni muuguzi, amehamishiwa Mtwara pamoja na mtoto. Tangu hapo jamaa ni wa kuingia na kutoka, Alhamisi mchana haonekani tena, na amekosa vipindi viwili. Nimwandikie onyo?
*Mkuu wa idara, Mbeya*

Nzuri, kaka. Kwa vipindi viwili vilivyopotea, ndiyo, mwite na avifidie. Wanafunzi wamelipa ada na mke wake hawamjui. Ila kabla ya karatasi ya onyo, chukua karatasi ya ratiba. Hiyo iko mikononi mwako. Vipindi vyake vyote vibane Jumatatu mpaka Jumatano. Kutoka Mbeya mpaka Mtwara ni safari ya kuumiza mgongo, na mtu anayejua ataondoka kihalali hafundishi huku anaangalia saa. Halafu msaidie kuandika barua ya uhamisho wa kumfuata mwenza, yeye au mkewe, yeyote atakayetangulia kupata nafasi. Wengi huombewa na ndugu, waganga na wachungaji, lakini barua yenyewe haijaandikwa.

Nikuulize jingine: huyo bwana mara ya mwisho alikula lini na mwenzake wa idara? Chuoni kwetu miaka ya mwanzo palikuwa na birika kubwa la chai saa nne. Wakufunzi wote meza moja, mkuu wa chuo naye humo. Ni pale nilipomwuliza mwenzangu wa Fizikia jinsi ya kueleza uwiano, akanionesha kwa vijiko na sukari. Ni pale tulipojua kwamba fulani ameuguliwa, na kipindi chake kikashikwa bila barua. Baadaye fungu la chai likafutwa. Kila mtu akaja na chupa yake, akafunga mlango wake. Miaka ile ya mwisho nilikuwa sijui hata jirani yangu wa ofisi anafundishaje, na ukuta kati yetu ulikuwa wa mbao.

Semina za kuboresha ufundishaji nimehudhuria nyingi, nikapokea posho na kula wali kuku. Sikumbuki hata moja iliyonifaa kuliko birika lile. Nunua majani ya chai, kaka. Sukari mchangiane.

Mama, shikamoo. Mhadhiri wetu akiwa ukumbini anafundisha kwa Kiingereza, hatuelewi, naye anaonekana anahangaika. Tukimfuata nje akatueleza kwa Kiswahili, kila kitu kinaingia. Kwa nini asifundishe hivyo hivyo ndani?
*Mwanafunzi, Dar es Salaam*

Marahaba. Kwa sababu ndani ya ukumbi anatazamwa. Kiswahili kama lugha ya kufundishia kwa kawaida kinakomea shule ya msingi. Kuanzia kidato cha kwanza kwenda juu ni Kiingereza, na mhadhiri akigeuza lugha mbele ya watu, watakaosema "haruhusiwi" watakuwa wachache kuliko watakaosema "hajui". Anaogopa kile kile unachoogopa wewe ukitaka kunyosha mkono. Mimi nilifundisha wa cheti, waliokuwa wanaandaliwa kwa shule ya msingi, kwa Kiswahili, na wa stashahada kwa Kiingereza, mada moja, wiki moja. Wa cheti waliniuliza maswali mpaka kengele. Wa stashahada waliandika. Nilikuwa mwalimu yule yule mwenye gauni lile lile.

Nendeni mkamwombe saa moja ya kudumu kila wiki hapo nje, mkutane naye mkiwa kundi. Wengi wao hukubali, hufurahi hata. Na ndani ya ukumbi jitolee wewe kuuliza wa kwanza, kwa Kiingereza hicho hicho kinachochechemea. Watacheka. Uliza tena.

Mwalimu wa Singida uliyeniletea andalio lako nilipitie, na ukaandika chini kwamba ulianza kazi mwaka nilipoanza mimi darasa la kwanza: shikamoo. Nimelisoma mara mbili. Ni tisa kwa ishirini. Sababu zimo kwenye bahasha.